Kansa ni seli zilizokataa kufa: uzi kwa wote mnaotumiwa matangazo ya "unga unaoua kansa"

Maabara_Ngara (mwenye uzi)

Salamu wakuu. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa yetu, la unga wa mizizi fulani ambao "umethibitishwa maabara kuua seli za kansa". Watu wananitumia wakitaka kujua kama ni kweli, kwa sababu wanajua kazi yangu ni kulea seli za kansa kwenye maabara hapa Nairobi. Jibu langu huwaudhi: ndiyo, huenda ni kweli kabisa, na bado halina maana yoyote. Jik pia huua seli za kansa. Chumvi ikizidi kwenye chakula chake, zinakufa. Umeme ukipotea wikendi na kabati la joto likapoa, Jumatatu unakuta zimekwisha zote, bila dawa.

Kuua seli ni rahisi. Kinachotafutwa ni kuifanya seli ya kansa ijiue yenyewe, huku ya pembeni yake ikibaki salama. Na ili uelewe kwa nini hilo ni gumu, lazima kwanza uachane na lile tulilofundishwa shuleni, kwamba kansa ni seli zinazogawanyika ovyo, basi. Kugawanyika ni nusu ya hadithi.

Mwili wa mtu mzima hupoteza seli kati ya bilioni 50 na 70 kila siku kwa mpango maalumu. Vidole vyako vimeachana kwa sababu ulipokuwa tumboni mwa mama, seli zilizokuwa katikati yake zilikufa. Mwaka 1972 wanapatholojia (madaktari wanaochunguza ugonjwa kwenye seli) watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliandika kwenye jarida la British Journal of Cancer kwamba kifo hiki si ajali. Seli inanywea, inakatakata DNA yake, inajigawa vifuko vidogo vidogo, na seli jirani zinavimeza kabla uchafu haujamwagika. Wakakiita apoptosisi. Kwa muda mrefu baadaye ni wachache waliojali.

Sasa mje kwa David Vaux, ambaye nikiwa na nafasi ningefundisha darasa zima kwa jaribio lake moja tu. Miaka ya 1980 ilishajulikana kwamba wagonjwa wengi wa limfoma ya folikula, aina ya kansa ya chembe nyeupe za damu, wana kipande cha kromosomu 18 (kromosomu ni vifurushi vya DNA ndani ya seli) kilichohamia kwenye kromosomu 14, na hapo palipoungana kuna jeni iliyopewa jina BCL-2. Ilikuwa rahisi kudhani kazi yake ni kusukuma seli igawanyike, kama jeni nyingine za kansa zilizojulikana wakati huo. Vaux alikuwa mwanafunzi katika Taasisi ya Walter and Eliza Hall, Melbourne, kwenye maabara ya Suzanne Cory na Jerry Adams. Alichukua seli za damu za panya ambazo haziwezi kuishi bila kichocheo kiitwacho IL-3, akazitia BCL-2, halafu akaondoa IL-3.

Zisizo na BCL-2 zilikufa. Zenye BCL-2 hazikufa. Lakini pia hazikugawanyika! Zilikaa tu. Hazikui, haziongezeki, na hazitaki kufa. Hiyo ilikuwa 1988, na ndipo ilipoonekana kwamba jeni inaweza kuleta kansa bila kuongeza hata seli moja, kwa kuzuia tu zilizopo zisiondoke. Akiiunganisha na MYC, jeni nyingine ambayo ndiyo hasa ya kusukuma, seli zikaanza kuishi na kuongezeka bila mwisho.

Nitaendelea nikifika nyumbani, Thika Road imekwama. Ulizeni.

Mkazi_Umoja

Nimetandika mkeka. Endelea.

Kijana_Rongai

Mkuu fupisha, sisi tuliacha bayolojia kidato cha pili.

MamaWawili

Asante ndugu kwa uzi. Nauliza kwa niaba ya shangazi yangu aliye kwenye kemo ya matiti. Kama dawa inafanya seli ya kansa ijiue, mbona nywele zimeisha zote na mdomo umejaa vidonda hata uji hapiti? Zile si seli za kansa.

Maabara_Ngara

Pole sana kwake dada. Swali lako ndilo lenyewe.

Kemo nyingi za kawaida hazijui kansa ni ipi. Zinaharibu DNA, au zinainasa seli ikiwa katikati ya kugawanyika. Baada ya hapo dawa imemaliza sehemu yake, na uamuzi wa kufa unabaki kwa seli yenyewe. Mwamuzi mkubwa ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa 1979. Inaona DNA imeharibika, inapima, na ikiona haitengenezeki inatoa amri.

Seli za vinyweleo na za ngozi laini ya mdomo hugawanyika sana na p53 yao ni nzima. Zikiguswa na dawa zinatii mara moja, zinakufa. Takriban nusu ya kansa zote za binadamu, p53 imeharibika. Kwa hiyo dawa ile ile inapita, seli njema inajiua kwa utiifu wake na ile mbovu inakaidi. Wagonjwa huambiwa "kansa yako imezoea dawa". Mara nyingi dawa imeingia na imeharibu kama kawaida, ila seli imekataa kusikia.

Nywele zitarudi, kwa sababu seli mama za vinyweleo huwa zimebaki chini. Habari za vidonda nawaachia wauguzi.

Nesi_Zamu

MamaWawili, asukutue mdomo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mara nyingi kwa siku, mswaki laini, asitumie dawa za kusukutua zenye spiriti. Akipata homa, hata kama ni usiku wa manane, aende hospitali saa ile ile asingoje kliniki. Homa kwenye kemo si ya kumeza Panadol na kulala.

Mkazi_Umoja

Kwa hiyo hii BCL-2 ni kama soja wa geti? Anamzuia muuaji asiingie ndani ya seli?

Maabara_Ngara

Umekaribia, ila geuza. Wauaji ni wapangaji wa ploti hiyo hiyo, wako ndani siku zote. Wanaitwa BAX na BAK, na wakiachiwa wanatoboa ukuta wa nje wa mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli. Soja kazi yake ni kuwashika mikono, wao pamoja na wachochezi wao kama BIM. Seli nyingine za kansa huajiri masoja kumi pale palipofaa mmoja.

Ukuta ukitobolewa, sitokromu c inamwagika. Hii ni protini inayoisaidia seli kutumia oksijeni, kila mtu aliijua kwa kazi hiyo tu, mpaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang ilipoonyesha kwamba ikitoka nje ya mitokondria inawasha kaspesi. Kaspesi ni vimeng'enya vya kukata. Zikishaamka hakuna kurudi.

Na kabla hamjauliza nani aligundua kaspesi: mnyoo. Sidanganyi. Kuna mnyoo wa udongoni wa urefu wa milimita 1, Caenorhabditis elegans, ambaye akikua hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati yake hufa. Ni zile zile 131, kwa kila mnyoo. John Sulston alizifuata kwa hadubini moja baada ya nyingine, na Robert Horvitz akatafuta minyoo ambayo seli hizo hazifi. Ndivyo jeni za kifo zilivyopatikana, na mwaka 2002 wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel na Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini. Vaux naye akafanya kituko mwaka 1992: alichukua BCL-2 ya binadamu akaitia ndani ya mnyoo, na seli zilizopaswa kufa zikabaki. Soja wa mtu akafanya kazi kwenye ploti ya mnyoo.

Kijana_Rongai

Hapo kwa mnyoo nimerudi darasani.

Tabibu_Asilia

Nimesoma kimya kimya lakini sasa niseme. Nyinyi watu wa maabara mna dharau. Mnatutukana kwa "unga", halafu mnadungia watoto vinkristini, dawa yenu ya kansa. Vinkristini imetoka wapi kama si kwenye ua? Etoposidi je? Muiri wetu wa Mlima Kenya unauzwa Ulaya kwenye vidonge vya tezi dume, gome limechunwa mpaka miti imebaki uchi. Babu yangu alitumia gome hilo kabla hujazaliwa.

Maabara_Ngara

Mzee wangu, kwa hayo yote uko sahihi, na sikudharau mti. Vinkristini inatoka kwenye yale maua ya waridi na meupe yanayooteshwa mbele ya nyumba na makaburini, yenye asili ya Madagaska. Miaka ya 1950 watafiti waliyachunguza kwa sababu watu waliyatumia kwa kisukari. Kisukari hayakushusha, lakini chembe nyeupe za damu za wanyama wa majaribio zilipungua, na hapo mtu mwenye akili akauliza: je, mgonjwa wa lukemia, kansa ya damu, ambaye chembe nyeupe zimemzidi? Mwaka 1963 ikaidhinishwa Marekani.

Sasa tazama kilichotokea katikati. Inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinkristini. Mgonjwa hupewa miligramu moja au mbili kwa wiki. Anayekuuzia unga wa kijiko asubuhi na jioni anakuuzia nini hasa, na kiasi gani? Hata yeye hajui.

Nesi_Zamu

Naongeza: vinkristini hiyo hiyo ya ua ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo badala ya mshipa, mgonjwa anafariki. Mti si mpole kwa sababu ni mti.

Tabibu_Asilia

Sawa. Basi niambie mnapimaje. Siyo kwa kejeli, nataka kujua.

Maabara_Ngara

Nakuambia kama ninavyofanya.

Tuna sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kimoja kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Naweka seli, maelfu kadhaa kwa kisima, kwenye maji yao ya waridi ya kulishia. Kesho yake, zikishashika chini, naongeza dondoo la mti, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mti, kwa viwango vinavyopungua: kisima cha kwanza kikali, kinachofuata nusu yake, na kuendelea. Nangoja siku mbili. Halafu natia MTT, ambayo ni ya njano. Seli iliyo hai inaigeuza kuwa fuwele za zambarau. Ukiinua sahani kwenye mwanga unaona upande mmoja zambarau iliyokolea na upande mwingine njano tupu, na mahali rangi inapogeuka ndipo ilipo nguvu ya dawa. Inapendeza kwa macho, na ndiyo picha inayowekwa kwenye matangazo.

Lakini njano inaniambia tu kwamba seli hazifanyi kazi. Haisemi zimekufa vipi. Kwa hiyo hatua ya pili narudia yote kwa seli za kawaida; maabara nyingi hapa hutumia Vero, zilizotokana na figo ya tumbili. Dondoo likiua Vero kwa kiwango kile kile lililoua kansa, nimepata sumu, si dawa. Mengi huishia hapo, na wachuuzi hawaendelei kusoma.

Yakivuka, naangalia aina ya kifo. Seli inayojiua hugeuza mafuta fulani ya ukuta wake, yaliyokuwa ndani yakatokea nje, na kuna protini inayoyashika na kung'aa. DNA yake ikipitishwa kwenye jeli hutoka kama mistari ya ngazi, kila kipande ni kizidisho cha herufi 180 hivi, kwa sababu kaspesi zimeamsha kimeng'enya kinachokata kati ya mafundo ambayo DNA imejiviringisha. Seli iliyopasuliwa na sumu huacha mchirizi usio na mistari. Nikiona ngazi safi, moyo unadunda, sikatai.

Na jambo la mwisho ambalo Vaux amelipigia kelele kwa miaka mingi: visima vitatu vya sahani moja si majaribio matatu. Ni jaribio moja lililopimwa mara tatu. Nenda kahesabu ni ripoti ngapi za mitishamba zinazoweka mistari ya makosa (ile ya kuonyesha vipimo vinatofautiana kiasi gani) kutokana na visima vitatu vya siku moja. Mtu huyu hata maoni yake mwenyewe aliyoandika kwenye jarida la Nature mwaka 1995, akisifia matokeo ya wengine, aliyafuta hadharani 2013 alipoona matokeo yale hayarudiki. Mimi mtu kama huyo ndiye ninayemwamini.

Nesi_Zamu

Nirudi kwa habari ya seli kukataa kufa, kwa sababu wodini tunaona kinyume chake. Mtoto wa limfoma ya Burkitt analetwa kutoka magharibi au pwani, taya limevimba meno yanacheza. Anaanza dawa Jumatatu, ikifika Alhamisi uvimbe umenywea unauona kwa macho. Mama anashangilia, sisi ndio tunaogopa. Seli nyingi zikifa kwa mpigo zinamwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo zinaziba, moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mtoto hutundikiwa maji mengi na kupewa alopurinoli ya kupunguza asidi hiyo kabla hata ya dawa yenyewe, na mkojo tunaupima usiku kucha. Wazazi hudhani tunachelewesha tiba.

Maabara_Ngara

Asante Nesi, huu ndio mfano niliokuwa nautafuta.

Burkitt ni miongoni mwa uvimbe unaokua haraka kuliko wote wa binadamu. Karibu kila seli iko katika kugawanyika. Kwa mantiki ya shule ingekuwa ndiyo kansa isiyotibika. Ila ukiweka kipande chake chini ya hadubini unaona uwanja mweusi wa seli, na kati yake madoa meupe yaliyotawanyika, wanapatholojia wanaita anga la nyota. Kila doa ni seli mlaji inayomeza seli za kansa zilizojiua. Yaani hata kabla ya dawa, zinakufa kwa wingi. MYC inayozisukuma zigawanyike ndiyo hiyo hiyo inayozisogeza ukingoni mwa kifo, na kwa kawaida hazina BCL-2 ya kuzishika. Ukizigusa tu, zinaanguka. Denis Burkitt alieleza uvimbe huo Kampala mwaka 1958, na miaka ya 1960 hapa Nairobi, Hospitali ya Kenyatta, Peter Clifford alikuwa akiutibu kwa dawa, na baadhi ya wagonjwa wake walipona kabisa wakati ambapo uvimbe mwingi duniani haukugusika kwa dawa.

Limfoma ya folikula ni kinyume. Inatembea polepole miaka na miaka, na hairuhusu kung'olewa yote. Ile ndiyo yenye BCL-2. Kwa hiyo mtu akikuambia "kansa yake ni ya polepole, hiyo si kali", usimalize maneno hapo.

Na ndiyo maana dawa ya venetoclax ilinifurahisha kuliko zote. Iliundwa ili kujaza mikono ya soja. BIM na BAX wanaachiwa, seli inajiua. Iliidhinishwa Marekani Aprili 2016 kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya limfosaiti waliopoteza kipande cha kromosomu 17, na kipande hicho ndicho chenye p53. Hawa ndio kemo ilikuwa haiwafai, kwa sababu aliyepaswa kusikia hayupo. Venetoclax haimwulizi p53, inapita chini yake. Kutoka jaribio la Vaux mpaka kidonge ni miaka 28. Na kwa sababu ya hilo alilosema Nesi, huanzwa kwa miligramu 20 na kupandishwa kila wiki, 50, 100, 200, mpaka 400. Kansa ikifa haraka mno humwua mwenye nayo.

Dawa iliyoitangulia, navitoclax, ilishika pia ndugu wa BCL-2 aitwaye BCL-XL. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, hutegemea huyo ndugu ili kuishi siku zake chache, kwa hiyo wagonjwa wakapungukiwa chembe sahani. Ikabidi kuchonga molekuli upya. Kuhusu bei ya venetoclax hapa kwetu, tusiharibiane jioni.

Mjukuu_wa_Makueni

Kwetu tunasikia aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwenye mahindi, inaleta kansa ya ini. Inaingiaje hapo?

Maabara_Ngara

Inaingia pale pale kwa p53. Ini likijaribu kuivunja aflatoksini hutengeneza kitu kinachong'ang'ania DNA, na hupenda kuacha kosa mahali maalumu kwenye jeni ya p53, namba 249. Watafiti waliliona kosa hilo 1991 kwa wagonjwa wa kusini mwa Afrika na China, maeneo yenye nafaka zenye kuvu. Ukiwa na homa ya ini B pamoja na aflatoksini, hatari inazidishana.

Ile balaa ya mahindi yenye kuvu ya 2004 kule Makueni na Kitui, watu 317 kuugua na 125 kufa, ilikuwa sumu ya papo hapo, dozi kubwa. Kansa ni ile kidogo kidogo ya kila mwaka. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kutiwa gunia, na mtoto apate chanjo ya homa ya ini.

Komba

Ni kweli ndovu hapati kansa?

Maabara_Ngara

Hupata, ila mara chache kuliko unavyotarajia kwa mwili ule. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba ana nakala 20 za jeni ya p53, sisi tuna moja, na seli zake DNA ikiharibika hujiua upesi kuliko zetu.

MamaWawili

Na ya mlango wa kizazi? Binti yangu ana miaka kumi, shuleni wametuma karatasi ya chanjo.

Maabara_Ngara

Tia sahihi dada. Virusi vya HPV, hasa 16 na 18, vina protini E6 ambayo kazi yake ni kuipeleka p53 ikavunjwe. Jeni ya p53 ni nzima, lakini protini haikai. Zile seli za HeLa, zilizotoka kwenye kansa ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks mwaka 1951 na ambazo bado tunazilea, zina HPV 18 mpaka leo. Chanjo inazuia virusi visiingie kabisa. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019, na utafiti ulioongozwa na watafiti akiwemo Profesa Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, kwa wasichana 2,275 wa Nairobi, Thika na Kisumu, ulionyesha dozi moja inakinga kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya kwanza dhidi ya aina hizo mbili.

Tabibu_Asilia

Nimekuelewa. Kuna gome ambalo baba aliniachia, sitalitaja hapa. Nikileta, mtalipima bila kuniibia?

Maabara_Ngara

Tutaandikiana mkataba kabla hujafungua mfuko, na jina lako liwemo. Lakini usilete gome tupu wala unga. Leta tawi lenye majani, na maua au matunda ukipata, limekaushwa katikati ya magazeti, na uandike ulipolikata na tarehe. Kwanza tutalipeleka kwenye hifadhi ya mimea pale Makumbusho watuambie ni mti gani. Gome lenyewe nusu kilo inatosha, chuna upande mmoja tu wa shina. Nitumie ujumbe faraghani nikuelekeze mlango wa kuingilia.